Uzi: Nani alimpa huyu mtu namba yangu?

UZI. Leo tuongee kuhusu data zako, na kwa nini kila mdahalo wa siasa ukifika hapo watu hupiga kelele kisha wanaenda nyumbani bila jibu. Sheria ya ukurasa huu mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa wala la chama. Ukilitaja kwa majibu, nalifuta.

Nianze na meseji. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, niko kwa matatu natoka kazini, simu ikalia. "Habari," halafu jina langu la kwanza na la pili, yote kwa herufi kubwa kama yalivyo kwa kitambulisho. Ikaniomba kura. Ikataja na wadi yangu. Sasa hiyo wadi ni ya nyumbani kwa wazazi, nilikojiandikisha kupiga kura nikiwa kijana, na sijaishi huko miaka mingi. Kazini hakuna anayeijua. Majirani hawaijui. Mwaniaji ambaye sijawahi kumtia machoni aliijua.

Nikajaribu kumjibu, haikuwezekana. Zile meseji za kutumwa kwa watu wengi huja kwa jina, si kwa namba, kwa hivyo huna pa kurudishia. Yeye ana mlango wa kuingia kwangu, mimi sina wa kuingia kwake. Hilo liweke akilini, maana ndilo jambo lenyewe.

Wengi wenu mlipata za kwenu, tukacheka, tukazituma kwa vikundi. Aliyekosa kucheka ni mama. Alinipigia jioni hiyo: "Kwani ni wewe ulimpa huyu mtu namba yangu?" Mama hana Facebook. Hana TikTok. WhatsApp yake ni ya kanisa, chama na wajukuu. Nikamwambia hapana mama, sijampa mtu. Lakini nikikata simu nilijua sina uhakika na nilichosema.

Haya. Ukisikiliza midahalo yetu, redioni au kwa vibaraza vya mjini, suala hili lina kambi mbili. Ya kwanza husema: kama huna cha kuficha unaogopa nini? Ya pili husema: hizi kampuni za kigeni zinatuharibia watoto, zifungiwe. Ya kwanza humfanya mwenye kuuliza aonekane mwizi. Ya pili hupigiwa makofi na haibadilishi chochote. Zote mbili zinaliruka lile swali la mama.

Turudi nyuma mwaka mmoja, Juni 2021. Kama mnakumbuka, mfumo wa Msajili wa Vyama vya Siasa uliunganishwa na eCitizen, ukaweza kuingia na kuangalia wewe ni mwanachama wa chama gani. Watu wakaingia kwa mzaha, wakatoka wamenuna. Wengi walijikuta wameandikishwa kwa vyama ambavyo hawajawahi kuvisikia. Nilikuwa mmoja wao. Chama changu kipya sikujua hata ofisi yake iko mtaa gani, na mzigo wa kujitoa ukawa wangu.

Wako waliosema ni jambo dogo. Si dogo. Katiba, kifungu cha 85, inasema ukitaka kugombea kama mgombea huru ni lazima uwe umekaa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi bila kuwa mwanachama wa chama chochote. Kwa hivyo mtu aliyeandika jina lako kwa orodha yake usiku mmoja anaweza kukufungia njia, na wewe huna habari.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Angalia sheria yenyewe. Ili chama kisajiliwe kikamilifu kinahitaji wanachama wasiopungua 1,000 ambao ni wapiga kura, kutoka kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47, kwa hivyo ni kaunti 24, sawa na watu 24,000. Kuwatafuta mmoja mmoja ni kazi ya miezi na pesa. Mwenye haraka ataona ni rahisi zaidi kupata orodha ambayo tayari ina majina, namba za kitambulisho na namba za simu.

Na orodha kama hizo nchi hii tunazo kila kona. Fikiria kile kitabu cha soja mlangoni. Ukiingia jengo lolote mjini unaandika jina, kitambulisho, simu, unakoenda, na saa. Kitabu kiko wazi, unasoma na walioingia kabla yako. Kikijaa kinaenda wapi? Uliza soja wa jengo lako. Mimi nimeuliza watatu: mmoja alisema stoo, mmoja hajui, na mmoja alicheka tu. Sisemi kitabu hicho ndicho kilichonipeleka kwa chama. Nasema tulizoea kutoa hayo mambo matatu, jina, kitambulisho na simu, kabla hata intaneti haijafika kwa mifuko yetu, na hatukuwahi kuuliza ni ya nini.

Sasa ndiyo tufike kwa mitandao ya kijamii, maana kuna daraja hapa ambalo watu hawalioni.

Kwa nchi nyingine mtu hutambulika mtandaoni kwa barua pepe yake. Sisi ni namba ya simu. Laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho, ni sheria. Namba hiyo hiyo ndiyo M-Pesa yako, ndiyo WhatsApp yako, ndiyo uliyofungulia akaunti ya Facebook na TikTok, ndiyo uliyoandika kwa kadi ya pointi ya supamaketi, hospitalini, kwa shule ya mtoto, na kwa kile kitabu cha soja. Mtu anaweza kubadilisha barua pepe leo jioni. Namba ya simu ukibadilisha unapoteza nusu ya maisha yako. Kwa hivyo ni kama uzi mmoja ambao ukiuvuta, kila kitu kinakuja.

Na kampuni za mitandao zina huduma ya kuuvuta. Si siri, iko wazi kwa sehemu ya matangazo. Mfanyabiashara, au kampeni, anachukua orodha yake ya namba za simu na kuipakia. Namba zinageuzwa kuwa msimbo, kampuni inalinganisha misimbo hiyo na ya watumiaji wake, na wale waliopatikana wanaanza kuonyeshwa tangazo. Kisha anaweza kuomba: nitafutie wengine wanaofanana na hawa. Kampuni inaangalia hao wa kwanza wanapenda nini, wanakaa wapi, wanatazama nini usiku, inamletea maelfu zaidi. Mwenye orodha anatakiwa kukubali masharti kwamba ana haki ya kuitumia. Anaweka tiki. Hakuna mtu anakuja kukuuliza wewe.

Umeona daraja? Orodha ya karatasi ya mtaani, iliyopatikana kwa njia yoyote ile, inaingia upande mmoja, na upande wa pili inatoka ikiwa imeunganishwa na kila ulichowahi kupenda na kutazama. Aliyeandika orodha haoni hizo data zako za ndani, hiyo ni kweli na lazima tuseme ukweli. Anachonunua ni uwezo wa kukufikia kwa kuzitumia.

Kuna mtu huniuliza kila mara kama simu inatusikiliza. "Niliongea na bibi yangu kuhusu magodoro, dakika kumi baadaye naona magodoro." Jibu langu ni kwamba hawahitaji kukusikiliza. Simu ya Android ina namba yake ya matangazo, ambayo apu mbalimbali huisoma na hivyo kujua ni wewe yule yule. Tovuti nyingi, za maduka na za habari, zimewekwa kipande kidogo cha programu ambacho huiambia Facebook au Google kwamba umefika hapo na umeangalia nini, hata kama hukubonyeza chochote cha Facebook siku hiyo. Apu uliyoiruhusu kujua mahali ulipo inajua unalala wapi na unaamkia wapi. Bibi yako aliangalia magodoro kwa simu yake, mko kwa WiFi moja, mnalala nyumba moja. Kuna haja gani ya kukusikiliza?

(Mipangilio ya matangazo kwa simu yako unaweza kuifungua na kuifuta hiyo namba. Fanya. Dakika mbili.)

Na mama, ambaye hana akaunti? Hapa ndipo nilikosa uhakika. Namba yake iko kwa simu za watu pengine mia mbili: watoto, wajukuu, wenzake wa chama, muuza maziwa. Kila mmoja wao akiweka apu inayoomba kusoma majina yaliyo kwa simu na akabonyeza ndiyo, amemtoa mama. Mimi nimebonyeza ndiyo mara ngapi? Sijui. WhatsApp yenyewe ujumbe wako umefungwa, hakuna anayesoma ila mliyeandikiana, na hilo ni jambo zuri kweli. Lakini kampuni inajua ni nani anaongea na nani, saa ngapi, mara ngapi. Kwa siasa, wakati mwingine kujua nani anaongea na nani kunatosha.

Biashara hii ni kubwa kiasi gani? Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, mwaka 2024 waliingiza zaidi ya dola bilioni 160 kutokana na matangazo. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni zaidi ya trilioni 20. Bajeti ya serikali yetu yote, barabara, walimu, madeni na kila kitu, ilikuwa kama trilioni 4. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema mitandao ni bure, ni bure kama vile nyasi ni bure kwa ng'ombe.

Sasa nijibu ile kambi ya kwanza, ya "huna cha kuficha". Labda kwa nchi nyingine wanaweza kubishana hilo kwa utulivu. Sisi hapa jina la pili linatosha. Sheria yetu inahesabu asili ya kabila ya mtu kuwa data nyeti, inayohitaji ulinzi zaidi. Lakini Mkenya akipewa jina lako na wadi yako, kabla hajamaliza kusoma ameshakupangia kabila na amekukisia kura. Kuna miaka hilo lilikuwa hatari ya maisha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na meseji za chuki zilikuwa zikipita kwa simu zile za kawaida, zenye vibonyezo. Wakati huo aliyetaka kujua nani anakaa nyumba gani ilibidi aulize mtaani. Mimi sioni orodha yenye jina, simu na mahali nikafikiria matangazo ya magodoro. Nafikiria hizo wiki. Mama alikuwa na sababu ya kutocheka.

Kuhusu Cambridge Analytica nitasema kidogo, kwa sababu watu huipenda kupita kiasi. Machi 2018 kituo cha televisheni cha Uingereza, Channel 4, kilirekodi kwa kamera ya siri mkubwa wa kampuni hiyo akijisifu kwamba walifanya kampeni hapa kwetu 2013 na 2017. Wakati huo huo ilijulikana kwamba kampuni ilikuwa imepata data za watumiaji wa Facebook, na Facebook yenyewe ikakadiria wanafika milioni 87. Ilifungwa Mei mwaka huo. Je, waligeuza kura zetu? Hakuna aliyethibitisha, na mimi huwa nahesabu maneno ya muuzaji mbele ya mteja kama maneno ya muuzaji mbele ya mteja. Kinachoniuma ni kwamba tuliyajua hayo kutoka London. Nchi ambayo uchaguzi ni wake haikuwa hata na sheria ya data ya kuulizia. Marekani waliitoza Facebook dola bilioni 5 mwaka 2019. Sisi Sheria ya Ulinzi wa Data tuliipata Novemba 2019, na ofisi ya Kamishna ikapata mkuu wake wa kwanza mwaka uliofuata.

Sheria ni nzuri. Nasema hivyo kwa sababu kuna wanaosema haina maana. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna ilitangaza faini tatu kwa mpigo: shule moja iliyoweka picha za watoto mtandaoni bila ruhusa ya wazazi, shilingi 4,550,000, klabu moja ya burudani iliyobandika picha ya mteja, 1,850,000, na kampuni ya apu za mikopo, 2,975,000. Watu walishtuka. Siku hizi hata wapiga picha wa harusi wanauliza kwanza.

Lakini soma kifungu cha 63, cha kiwango cha juu cha faini. Kinasema shilingi milioni 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo zaidi. Rudia hapo. Iliyo NDOGO zaidi. Maana yake shule ya mtaani imetozwa karibu milioni 5, na kampuni yenye trilioni 20, ikikosea mara moja kwa nchi nzima, faini yake ya juu ni hiyo hiyo milioni 5. Haifiki bei ya matatu mpya ya abiria 33. Ulaya waliandika kinyume: euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima, ile iliyo kubwa zaidi, na Mei 2023 Meta ikatozwa euro bilioni 1.2 kwa kuhamisha data za watu wa Ulaya kwenda Marekani. Neno moja tu, ndogo au kubwa. Kama mwaniaji wenu wa ubunge anasema atalinda data za Wakenya, muulize kama amesoma neno hilo na kama ataleta mswada wa kulibadilisha. Halafu mrekodi.

Faini ni baada ya kushtaki, na kushtaki kwenyewe kuna kazi. Mwaka 2022 mmoja wa vijana waliokuwa wakifanya kazi hapa Nairobi ya kuchuja picha na video za kutisha zinazowekwa Facebook, akiwa ameajiriwa kupitia kampuni ya kandarasi, aliishtaki Meta pia. Jibu la Meta lilikuwa: sisi hatujasajiliwa Kenya, mahakama zenu hazina uwezo juu yetu. Mahakama ya Ajira ilikataa hoja hiyo, wakakata rufaa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa nayo ikasema wanaweza kushtakiwa hapa. Kesi nyingine, ya chuki zilizosambaa Facebook wakati wa vita vya Ethiopia, ilifunguliwa Nairobi Desemba 2022. Aprili 2025 ndipo Mahakama Kuu iliposema ina uwezo wa kuisikiliza. Mtazame huo muda. Ni miaka miwili na zaidi ya kubishana kama swali linaruhusiwa kuulizwa. Kampuni iko kwa kila simu ya nchi, inauza matangazo kwa kila wadi, lakini ukibisha hodi wanasema hatukai hapa.

Nilikuwa nimesahau apu za mikopo, na ndizo zilinifunza mengi. Binamu yangu alikopa shilingi elfu nne, akachelewa siku chache. Apu ilikuwa imesoma majina yote kwa simu yake. Wakampigia mwalimu mkuu wake, shemeji yake, na fundi aliyemtengenezea kabati. Kila mmoja akaambiwa huyu ni mdeni, mwambie alipe. Alilipa. Lakini fundi bado humtania, na mwalimu mkuu hamtanii, jambo ambalo ni baya zaidi. Watu walilia na mambo hayo kwa miaka. Benki Kuu ilileta kanuni zake 2022, wengine wakaenda kwa Kamishna. Halafu Google ikatangaza kwamba kuanzia mwisho wa Mei 2023 apu za mikopo ya kibinafsi zilizo kwa duka lake haziruhusiwi kusoma majina wala picha za mteja. Ujumbe mmoja kutoka California. Nilifurahi sana, kisha usiku nikawaza: kama wanaweza kutulinda kwa sentensi moja, wanaweza pia kuifuta hiyo sentensi, na hakuna Mkenya aliyewapigia kura.

Kwa wale wa kambi ya pili, ya kufungia: 2023 kulikuwa na ombi mbele ya Bunge la kupiga TikTok marufuku. Ukifungia moja, orodha zinabaki, soja bado ana kitabu chake, na biashara inahamia apu ya jirani. Tena anayefunga ni serikali, na serikali nayo si malaika kwa mambo haya. Huduma Namba ilikuwa yetu wenyewe, si ya mgeni. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza kukusanywa kwa DNA na data za mahali mtu anakaa kwa mpango huo, na Oktoba 2021 ikasema utoaji wa kadi ulikuwa kinyume cha sheria kwa sababu hakukufanywa tathmini ya athari kwa data za watu. Anayepaza sauti dhidi ya kampuni za kigeni, mwangalie kama anapinga kufuatiliwa au anapinga tu kwamba si yeye anayefuatilia.

Na kuna jambo ambalo sheria haijui la kufanya nalo, nalo ni njaa. Agosti 2023 watu walipanga foleni KICC kupigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin, wakipewa sarafu za mtandaoni za thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Kijana mmoja wa ploti yetu alikuwa kwa foleni. Nikamuuliza kama alisoma alichokubali. Akaniangalia kama mtu anayeuliza maswali ya matajiri. "Mimi nilikuwa na kodi ya nyumba," akasema. Nilitaka kumweleza kwamba namba ya simu unaweza kubadilisha kwa shida, jicho huwezi. Lakini kodi alilipa, na mimi sikuwa nimemlipia. Mahakama iliuliza kama ridhaa iliyonunuliwa kwa pesa ni ridhaa, na ikakataa. Nakubaliana nayo. Sina cha kumwambia huyo kijana bado.

Sasa mtaniuliza nilifanya nini na ile meseji ya 2022. Sikufanya kitu. Nilicheka, nikaituma kwa kikundi, nikaendelea na maisha. Ilikuwa haki yangu kuuliza na sikuiuliza.

Juzi mama amepata nyingine. 2027 haijafika lakini wameanza. Safari hii nilienda nyumbani tukaandika barua. Kifungu cha 26 cha Sheria kinampa haki ya kujua data zake zinatumiwaje, kuzipata, kupinga zisitumiwe, na kutaka zifutwe zikiwa si za kweli au zinapotosha. Kanuni zinampa aliyeombwa data siku 7 za kujibu, bila malipo. Asipojibu, unalalamika kwa Kamishna, nako lalamiko linatakiwa kumalizwa ndani ya siku 90. Maneno tuliyoandika ni machache, mnaweza kuyachukua: umeniandikia kwa namba hii tarehe hii, niambie umeipata wapi, unajua nini kingine kunihusu, umempa nani, kisha uifute. Anwani ya kampeni tuliipata kwa bango lake lililo kwa nguzo ya stima.

Mama alivaa miwani, akasoma yote mara mbili, akachukua kalamu. Kisha akasimama.

"Na hii namba ya kitambulisho umeandika hapa juu ni ya nini?"

Nikaangalia. Nilikuwa nimeweka jina lake kamili, kitambulisho, na kijiji. Mazoea. Nikafuta, nikaenda saiba kuprinti tena, shilingi kumi. Akaweka sahihi.

Leo ni siku ya nne.